Safu ya Pili ya Kulabu

Mabawabu wa hoteli ninayofanyia kazi hapa West Bay, mjini Doha, huvaa koti refu la mahameli nyekundu, vazi lisilomfaa mtu yeyote katika nchi yenye joto kama hili. Koti lenyewe ni moja tu. Lilishonwa ng'ambo, vifungo vyake ni vya shaba, na linavaliwa kwa zamu na watu wawili: asubuhi Ochieng', Mkenya mwenzangu, mpana kama kabati, jioni Mukasa, Mganda mrefu mwenye mabega membamba. Mimi ni fundi wa chumba cha nguo, chini kabisa ya jengo. Udi unaofukizwa sebuleni hutufikia huko ukiwa umechoka, umechanganyika na wanga na mvuke wa pasi.

Siku moja waliniletea koti hilo wakiwa wamelishika kila mmoja upande wake, kama watu wanaogombania kuku.

"Dada Wakio, tuamulie," Ochieng' alisema. "Huyu anataka ulipunguze. Ukilipunguza, mimi nitapokea wageni tumbo likiwa nje."

"Na mimi nikilivaa hivi, ssebo, wageni wanauliza kama ndani tuko wawili," Mukasa akajibu, akimwita mwenzake bwana kwa Kiganda.

Niliwaambia hakuna haja ya kupunguza. Nitashona safu mbili za kulabu upande wa ndani: ya kwanza karibu na ukingo, iwe ya Ochieng', ya pili ndani zaidi, iwe ya Mukasa. Asubuhi litafungwa huku, jioni litafungwa kule, na anayelitazama kwa nje hataona tofauti.

"Wee! Hiyo umefundishwa chuo gani?" Ochieng' aliuliza.

"Sikufundishwa chuo. Niliijua utotoni, hapa hapa Doha."

Walicheka. Kwao Doha ni mahali pa kuja ukiwa mtu mzima, mkataba mkononi. Hakuna anayekuwa na utoto hapa. Sikubishana nao. Lakini walipoondoka, nikalilaza koti mezani na kuingiza sindano, ile harufu ya mahameli iliyobeba joto la mwili wa mtu ilinipeleka moja kwa moja kwenye meza ya jikoni ya Mama.

Baba yetu alifariki barabarani kule nyumbani, kitindamimba wetu Saru akiwa bado hajatambaa. Mama alikuwa muuguzi, akapata kazi katika hospitali moja ya Doha, na baada ya muda akatuchukua sote watatu: mimi, mdogo wangu Mghanga, na Saru. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili. Dirishani tuliziona ndege zikishuka karibu mno, hata Mghanga alikuwa akiinama. Siku hizo West Bay ilikuwa na kreni nyingi kuliko majengo, na Mama alitufundisha kupima wiki kwa ghorofa zilizoongezeka.

Kwetu Taita watu huimba kanisani kwa solfa, zile noti za do-re-mi, na Mama alikuwa amelelewa ndani yake. Alipika kwa solfa, akapiga pasi kwa solfa. Daktari mmoja Mwingereza alimsikia akiimba wodini, akamwambia kuna chama cha watu wanaopenda muziki ambacho kila mwaka hucheza opera moja ya vichekesho katika ukumbi wa shule. Hakuna aliyelipwa. Walikuwemo walimu, wahandisi na wake zao, daktari wa meno kutoka Goa, wauguzi wa Kifilipino, na mwanamume mmoja mnene aliyeuza viyoyozi na ambaye sauti yake ilitikisa vikombe. Mama alikwenda kujaribiwa akiwa bado na sare ya kazi. Alirudi akiwa na macho ya mtu aliyeambiwa jambo zuri asiloruhusiwa kulisema.

"Wamekupa?" niliuliza.

"Wamenipa nafasi ya akiba."

Alitueleza. Opera ile ilikuwa na mjane tajiri, mwenye nyumba ya wageni, ambaye hataki kuolewa lakini anapenda kuposwa. Wanakuja wachumba watatu. Mjane anabadilishana nguo na mtumishi wake ili aone nani ataposa nguo na nani ataposa mtu. Mjane ataimbwa na Madam Pamela, mke wa mhandisi. Lakini lazima awepo mtu mwingine anayejua kila neno na kila hatua ya mjane, ili Madam Pamela akiugua, watazamaji wasirudishwe nyumbani. Mtu huyo ndiye akiba.

"Kama spea ya gari?" Mghanga aliuliza.

"Kama spea ya gari."

"Spea inakaa kwenye buti tu."

"Na gari linasafiri mbali kwa sababu ipo," Mama alisema.

Ninachokijua sasa, ambacho hakuna kati yetu watoto aliyekijua wakati huo, ni kwamba kabla mazoezi hayajafika mbali Mama alikuwa ameshaambiwa habari ya uvimbe tumboni mwake. Aliambiwa na watu aliofanya nao kazi, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyatumia kwa wengine. Alijua hataona mwaka mwingine wa opera. Sijui kama ndiyo sababu alikwenda kujaribiwa, au kama alikwenda kwanza na kuambiwa baadaye. Najua tu kwamba katika miezi ile alikuwa na mambo mawili ya kukamilisha: kuimba wimbo ule mzima japo mara moja, na kuniandaa mimi.

Kila alilojifunza aliandika kwa solfa kwenye kipande cha kalenda, akakibandika juu ya sinki. Sote tuliujua wimbo wa mjane kabla ya kujua maana yake. Mghanga aliimba sehemu ya mchumba mnene akiwa amejaza mto ndani ya fulana. Saru, ambaye hakuwa ameanza shule, alilala kwa kuimbiwa maneno ya kukataa posa.

Jioni moja Mghanga ndiye aliyeombea chakula. "Mungu, bariki ugali huu na maharagwe, na umpe Madam Pamela mafua. Madogo tu. Amina."

Mama aliziba mdomo kwa leso mpaka mabega yakatulia. Kisha akasema, "Futa ombi hilo."

"Mungu ameshasikia."

"Basi mpigie tena, mwambie ulikosea namba."

Katika chama kile palikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Gauni la mjane lilikuwa moja, mahameli ya kijani, zito kama zulia, na chama hakikuwa na uwezo wa kushona la pili. Kwa hiyo lilifungwa mgongoni kwa kulabu, safu moja ya mwenye nafasi, na safu ya pili ya akiba. Safu ya akiba ilishonwa na akiba mwenyewe. Walisema mtu akishona mwenyewe hatasahau kwamba huenda akaitwa.

Mama alilileta gauni nyumbani ndani ya mfuko wa dobi, akalilaza kwenye meza ya jikoni, akanipa sindano.

"Si umeambiwa ushone wewe?" nilimuuliza.

"Wewe ni mkono wangu. Shona."

Nilikuwa darasa la tano na nilikuwa sijawahi kushona zaidi ya kifungo. Alikaa kando yangu akivunja maharagwe mabichi, macho yakiwa kwenye vidole vyangu. Alinionyesha kupitisha uzi kwenye pete ya kulabu mara tatu, kuushika ulimi wake usiinuke, kuficha fundo chini. Nilipoharakisha alifumua.

"Hii haitavaliwa, Mama. Ni ya akiba."

"Ndiyo maana uishone kama itakayovaliwa kila siku. Siku ikihitajika, hakuna atakayekungoja uishone upya."

Tulipima. Mama alikuwa na mwili mdogo kuliko Madam Pamela, kwa hiyo safu yangu ilikaa upana wa vidole viwili ndani ya ile nyingine. Niliona fahari. Hazikupita wiki nyingi akalileta gauni tena.

"Limelegea," alisema. "Hebu sogeza ndani kidogo."

Nilifumua, nikasogeza. Baadaye akalileta tena, na baadaye tena. Nilidhani nilikosea kupima. Nilidhani mkono wangu ni mbovu na Mama ananihurumia. Mara ya tatu nilikaribia kulia, akanishika kidevu.

"Si kosa lako, mwanangu. Ni joto la huku. Linalegeza vitambaa."

Niliamini. Joto la Doha nililijua, liliyeyusha krayoni zetu kwenye dirisha na kupinda mlango wa choo. Kwa nini lisilegeze mahameli? Niliamini kiasi kwamba niliwafundisha wenzangu shuleni kwamba nguo inunuliwe ikiwa ndogo, kwa sababu ya joto.

Wakati huo huo kazi za nyumba zilikuwa zikihama kutoka mikononi mwake kuja mikononi mwangu, polepole, kama maji yanavyohama kutoka mtungi hadi mtungi. Nilijua kusonga ugali usio na madonge. Nilijua kusuka nywele za Saru mistari iliyonyooka, na namna ya kumzuia asisinzie kwa kumhesabisha mistari hiyo. Nilijua kwamba Mghanga akinyamaza sana ana homa, na akipiga kelele sana ana jambo analoficha. Mama hakunituma kazi hizi. Alikuwa akikaa kando yangu na kuniacha nifanye, akiimba ya kwake. Nilidhani ni kwa sababu ya mazoezi, kwamba opera inamchosha. Niliichukia opera kidogo kwa ajili hiyo, na niliipenda kwa sababu ilimfanya aimbe.

Siku ikafika. Mama alisema Jumamosi asubuhi atavaa gauni na kuimba yote, mwanzo hadi mwisho, na sisi tutakuja kumtazama. Alisema ni siku ya akiba. Mimi nilisikia ni siku yake, na hiyo ilinitosha. Tulivaa nguo za kanisani. Nje kulikuwa na vumbi kubwa, lile la kahawia linalofanya mchana uonekane kama chai, na taa za magari zilikuwa zimewashwa.

Mlinzi wa shule ile alikuwa Barasa, mtu wa Bungoma, ambaye tulimwita Mjomba. Alikaa katika kambi ya wafanyakazi kule Industrial Area na alipenda zamu ya Jumamosi kwa sababu ukumbi ule ulikuwa na kiyoyozi kizuri kuliko chumba chake cha watu wanane. Alitufungulia mlango.

"Mama Wakio! Leo ndiyo leo?"

"Leo ndiyo leo, ndugu yangu. Ukipata nafasi uingie."

"Nafasi ni yangu kutoa. Naingia."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vilipangwa vyote, safu kwa safu, na katika safu ya mbele tulikaa sisi watatu na Mjomba Barasa. Kando alikaa mwongozaji, mwalimu mzee mwenye suruali fupi, na mpiga piano. Basi. Nilitazama nyuma mara nyingi nikingoja watu. Hatimaye nilimweleza Mghanga kwamba vumbi limewazuia, na tukakubaliana kupiga makofi kwa niaba yao.

Kabla ya kuanza niliitwa nyuma ya pazia kushika pini. Madam Pamela alikuwepo. Hiyo nayo ilikuwa desturi yao: siku ya akiba, mwenye nafasi ndiye humvalisha. Alikuwa mwanamke mkubwa, mchangamfu, mwenye sauti ya kumfikia hata mtu aliye bafuni. Alipiga magoti nyuma ya Mama akaanza kufunga kulabu kutoka chini. Vidole vyake vilienda kwenye safu ya pili, vikasita. Alipapasa mahameli, akaona alama za sindano pale safu ilipokuwa kwanza, na pale ilipohamia, na pale ilipohamia tena.

"Grace," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Hii iko ndani sana."

"Funga tu," Mama alimwambia.

Nilitazama sakafu. Nilidhani anaulaumu ushonaji wangu.

Kisha Mama akatokea jukwaani. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka sauti yake peke yake, bila sinki, bila pasi, na huwa napata asubuhi ile tu. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti iliyojua inakokwenda. Wachumba walipiga magoti mmoja mmoja, na yeye akawakataa kwa upole kiasi kwamba kila mmoja aliondoka akidhani amekubaliwa.

Mjomba Barasa alicheka kila mahali pasipo na kichekesho na kunyamaza penye kichekesho. "Huyu anaposa huku anarudia neno moja mara kumi," alininong'oneza. "Kwetu baba mkwe angekuwa ameshalala." Mchumba mnene alipoanguka kwenye pipa, Barasa akasema kwa huruma, "Pole, mzee."

Katika sehemu ya pili kuna wimbo mrefu, mjane akiwa peke yake, amevaa nguo za mtumishi wake na kujicheka. Katikati yake Mama alishika mgongo wa kiti. Hakukuwa na maagizo ya kushika kiti. Alikishika kwa mkono mmoja, akaegemea kidogo, akavuta pumzi, akamalizia mstari akiwa amekiegemea hivyo, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayemsikiliza jirani mwenye maneno mengi. Mwongozaji aliruka kutoka kitini.

"Hapo hapo! Kiti! Usikiache hicho kiti!"

Mama alitabasamu, hakukiacha. Aliimba mpaka mwisho akiwa amekishikilia. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Saru alipiga makofi kwa miguu. Mjomba Barasa alisimama, akavua kofia yake ya kazi.

"Umewamaliza, Mama Wakio. Wote. Hata hivi viti."

Niliporudi shuleni niliwaambia watu kwamba mama yangu ameimba opera. Nilisema ukweli.

Wiki iliyofuata, Ijumaa alasiri, tulipelekwa tena ukumbini. Nilidhani Mama anarudia kwa ajili ya wale waliozuiwa na vumbi. Safari hii viti vilijaa. Wauguzi wa Kikenya walikuwa wamechukua safu nzima, wamevaa vitenge, wakigawana njugu chini chini. Mama alikuwa ametuketisha kwao na kwenda nyuma. Taa zikapungua, pazia likafunguka, gauni la kijani likatokea, na ndani yake alikuwa Madam Pamela.

Mjane alipaswa kusimama kimya kwanza, akipunga upepeo, akiwaacha watu wamtazame. Katika ukimya huo Mghanga alipanda juu ya kiti.

"Huyo si Mama!"

Ukumbi ukacheka. Wengi hawakuelewa neno, walicheka kwa sababu ya sauti. Wauguzi walicheka kwa sababu walielewa. Madam Pamela aligeuka upande wetu, akainama taratibu mbele ya Mghanga kama mtu anayesalimu hakimu, na makofi yakalipuka. Mghanga aliketi. "Lakini si yeye," aliniambia, machozi yakimlengalenga. Nikampa njugu.

Ule wimbo mrefu ulipofika, Madam Pamela alishika kiti. Aliegemea kidogo, akainamisha kichwa upande, akavuta pumzi. Mwanamke mwenye nguvu zake zote, akishika kiti kama mama yangu. Watu walikipenda kiti kile kuliko chochote. Walicheka kicheko kile laini cha mtu anayemtambua mtu wa nyumbani kwake, na mpiga piano alilazimika kungoja. Nilipotazama kwenye ukingo wa pazia nilimwona Mama amesimama gizani, midomo yake ikienda pamoja na maneno, bila sauti.

Ilipokwisha nilimkuta nyuma, amekaa kwenye sanduku la nguo.

"Mama, mbona amechukua nafasi yako?"

"Nafasi ilikuwa yake tangu mwanzo. Mimi nilikuwa akiba."

"Lakini wewe ndiye uliyeimba kwanza."

"Jumamosi ile yalikuwa mazoezi ya akiba. Niliimba ili nijue naweza. Na nimeimba, Wakio. Mlinisikia."

"Tulikuwa sisi tu."

"Ningewataka kina nani tena?"

Nilikaa karibu naye. Nyuma ya pazia watu walikuwa wakikumbatiana na kupigana picha. Nikamuuliza, sasa kazi yote ile, kushona na kufumua, ilikuwa ya nini, kama hakuitwa?

"Akiba haiozi," alisema. Kisha akanishika mkono, akapitisha kidole gumba kwenye vidonda vidogo vya sindano. "Kitambaa hakikulegea, mwanangu. Mimi ndiye niliyepungua. Nilitaka ujue kushona kwanza."

Hakulia, nami sikulia. Aliniambia yaliyobaki pale pale, kwa lugha ya muuguzi, pole pole, akingoja kila neno lifike kabla ya kutoa lingine. Aliniambia tutarudi nyumbani. Aliniuliza kama nina swali. Nilimuuliza nani atamsuka Saru, na kabla hajajibu nikawa nimeshajua.

Madam Pamela alikuja kubadilisha nguo. Gauni lilikuwa linarudishwa stoo, na kwa kawaida safu ya akiba hukatwa ili gauni likodishwe likiwa safi. Alinipa mkasi. Nilifumua kazi yangu mwenyewe kwa mara ya mwisho, na Mama akauweka ukanda ule wa kulabu mfukoni mwa sare yake.

Tulirudi Wundanyi kabla ya mvua za vuli. Mama alifariki mwaka uliofuata, nyumbani kwa bibi, dirisha likiwa wazi kwa sababu alisema amechoka na viyoyozi. Bibi alimfuata kaburini kabla sijamaliza kidato cha pili. Wajomba walikaa kikao wakapendekeza tugawanywe, kila mmoja na nyumba yake. Niliwahudumia chai, nikawaambia hatugawanyiki. Nilisema mara moja tu. Niliacha shule, nikapata nafasi kwa fundi wa sare za wanafunzi pale Voi, na katika majaribio alinipa kulabu nishone. Alizivuta kwa koleo. Hazikutoka.

Nilipokwenda mara ya kwanza siku ya wazazi shuleni kwa Saru, nilikuwa mdogo kuliko wazazi wote, nimevaa leso ya Mama ili nionekane mkubwa. Mwalimu alinitazama, akamtazama Saru.

"Huyu ni nani wako? Ndiye mama?"

"Mama alikufa," Saru alisema, waziwazi, kama anayetaja mji mkuu wa nchi. "Huyu ni akiba yake."

Mwalimu hakujua aangalie wapi. Mimi nilijua. Nilikaa kwenye kile kiti kidogo, magoti juu, na kuuliza kuhusu hesabu.

Mghanga sasa ni fundi umeme Mombasa, mwenye kelele zilezile, na Saru anasomea uuguzi. Karo yake ndiyo iliyonirudisha Doha. Ninaishi na wenzangu wanne huku Al Thumama, na basi la kampuni linapotuleta kazini nayaona majengo ambayo Mama alitufundisha kuyahesabu yakiwa yamekamilika. Ukumbi ule wa shule sikuutafuta. Ukanda wa kulabu ninao, ndani ya kopo la uzi.

Koti la mabawabu lilikaa vizuri majira yote ya baridi. Joto liliporudi, Mukasa alishuka peke yake, akaniomba nisogeze safu yake ndani kidogo. Nikasogeza. Juzi alirudi tena, amelikunja koti mkononi.

"Nyabo, dada yangu, limelegea tena. Ni joto hili, linaharibu nguo."

Nililigeuza. Uzi ulikuwa umekaza kama nilivyouacha. Mahameli ilikuwa vilevile. Mahameli hailegei kwa joto, hilo nimelijua kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda. Nikamtazama shingoni, kwenye kola ya shati, mahali palipokuwa wazi vidole viwili.

"Koti halina neno, Mukasa. Umeonana na daktari?"

Alicheka. "Daktari wa nini? Nina zamu saa hii."

Nilizima pasi, nikamsogezea kiti.

"Keti," nilimwambia. "Nampigia Ochieng' akushikie mlango. Safu yake ipo."